Maji yanapojaa pembeni ya kongosho: Kwa nini daktari anasubiri, na anayatoaje bila kupasua tumbo?

Ndugu msomaji, shukrani zote anastahiki Allah (S.W.) aliyetukabidhi miili hii kama amana, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyetufundisha kwamba kila maradhi yana dawa yake na kwamba kujitibu hakupingani na kumtegemea Allah.

Leo katika safu yetu tutazungumzia kiungo ambacho wengi wetu hatukitaji mpaka siku kitakapotuumiza, nacho ni kongosho. Zaidi tutaangalia tatizo linalowachanganya sana jamaa wa mgonjwa. Mgonjwa amelazwa kwa maumivu makali ya tumbo, akaambiwa kongosho limevimba. Maumivu yakapungua, kila mtu akashukuru. Wiki mbili tatu baadaye tumbo likaanza kujaa upya sehemu ya juu, akila kidogo anatapika, picha ikaonesha kuna maji yamekusanyika, na daktari akasema: "Tusubiri kwanza." Hapo ndipo maneno huanza nyumbani. Mmoja atasema wanataka rushwa, wa pili atasema wameshindwa, wa tatu atasema mgonjwa atolewe apelekwe kwa mkandaji. Uamuzi unaofanywa katika siku hizo unaweza kuokoa maisha ya mgonjwa au kuyapoteza. Kwa hiyo ni vizuri tulielewe jambo hili kabla halijatufika.

KONGOSHO NI KITU GANI?

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula, kwa upana. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 15. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, na mkia wake unafika karibu na bandama upande wa kushoto. Lina kazi kubwa mbili. Ya kwanza ni kutengeneza insulini, ambayo inasawazisha sukari katika damu. Ya pili ni kutengeneza juisi yenye vimeng'enya vinavyosaga nyama, mafuta na wanga tunaokula.

Tazama hekima ya Muumba. Vimeng'enya hivyo ni vikali, lakini hutoka kwenye kongosho vikiwa vimelala, na huamshwa vikishafika kwenye utumbo. Vikiamka mapema, vikiwa bado ndani ya kongosho, vinaanza kulisaga kongosho lenyewe. Huo ndio ugonjwa wa kongosho kuvimba kwa ghafla.

Sababu mbili zinaongoza duniani. Moja ni vijiwe vya nyongo, pale kijiwe kidogo kinapoteremka kutoka kwenye mfuko wa nyongo na kuziba njia ambayo nyongo na juisi ya kongosho hupitia. Nyingine ni pombe. Zipo sababu nyingine pia: mafuta aina ya trigliseraidi kuzidi sana katika damu, baadhi ya dawa, kuumia tumbo (mtoto kuangukia usukani wa baiskeli, kwa mfano), na hata minyoo mikubwa ya tumboni aina ya askaris inapopanda na kuingia kwenye mrija wa nyongo.

Hapa tunaomba tusikilizane. Daktari anapomuuliza mgonjwa wa kongosho kama anakunywa pombe, si kwamba anamtuhumu. Analazimika kuuliza, awe mbele yake ni kijana wa mtaani au bibi kizee aliyemaliza umri wake kwenye msala. Mgonjwa ajibu ukweli bila kukasirika, na jamaa watoke nje ili naye asilazimike kuficha. Na sisi tunaokwenda kumjulia hali, tusirudi msikitini tukinong'ona kwamba fulani kumbe alikuwa anakunywa. Vijiwe vya nyongo huwapata watu wengi wasioijua pombe hata harufu yake, wanawake zaidi ya wanaume. Dhana mbaya ni dhambi, na kusengenya mgonjwa ni dhambi juu ya dhambi.

Dalili yake kubwa ni maumivu makali ya ghafla juu ya kitovu, mara nyingi yanapenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika. Mtu mwenye maumivu ya namna hii asikae nyumbani akinyweshwa dawa za vidonda vya tumbo kwa kubahatisha. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, apimwe damu kuangalia vimeng'enya vya kongosho, na apigwe ultrasaundi ya mfuko wa nyongo.

MAJI YANATOKA WAPI?

Wagonjwa wengi, karibu wanne katika kila watano, hupata ugonjwa mwepesi na hupona ndani ya wiki moja kwa dripu, dawa za maumivu na chakula kinachorudishwa mapema. Waliobaki hupata ugonjwa mkali zaidi. Kwa hao kongosho huvuja, na majimaji hukusanyika pembeni yake. Kwa baadhi, sehemu ya kongosho na mafuta yanayolizunguka hufa kabisa.

Mwaka 1992 wataalamu walikutana mjini Atlanta, Marekani, wakaweka majina ya aina za mikusanyiko hii ili madaktari wote wazungumze lugha moja. Mpangilio huo ulirekebishwa mwaka 2012, na ndio unaotumika hadi leo. Msingi wake ni maswali mawili tu. La kwanza: zimepita wiki nne tangu ugonjwa uanze, au bado? La pili: ndani yake kuna maji matupu, au kuna maji yaliyochanganyika na nyama iliyokufa?

Kabla ya wiki nne mkusanyiko hauna ukuta wake wenyewe. Umetapakaa tu katikati ya viungo, kama maji yaliyomwagika sakafuni. Baada ya takriban wiki nne, mwili kwa uwezo wa Allah huwa umeujengea ukuta, ukawa kama kiriba kilichofungwa. Kiriba hicho kinaweza kuwa na maji matupu, au kikawa kama uji wenye madonge, na madonge hayo ndiyo nyama iliyokufa. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu maji hupita kwenye mrija mwembamba, lakini madonge huuziba.

KWA NINI KUSUBIRI?

Ndugu msomaji, tukiangalia vizuri tutaona kusubiri kuna sababu tatu.

Kwanza, mikusanyiko mingi hunyonywa na mwili na kuisha yenyewe, hasa ile ya maji matupu. Zamani madaktari walikuwa wakihesabu ukubwa: ikizidi sentimita sita inatobolewa. Siku hizi ukubwa peke yake si sababu. Kinachoangaliwa ni hali ya mgonjwa.

Pili, kutoboa mkusanyiko usio na ukuta ni hatari. Maji yenye vimeng'enya vikali yanaweza kumwagika tumboni, na mishipa ya damu iliyo jirani inaweza kutoka damu.

Tatu, hata mkusanyiko ulioingia bakteria unaweza kutulia kwa dawa peke yake. Madaktari wa Uholanzi walilichunguza jambo hili kwa wagonjwa 104 wenye nyama iliyokufa na kuingiwa na bakteria, wakatoa matokeo mwaka 2021. Kundi moja lilitolewa usaha mara moja, na kundi la pili lilipewa dawa za kuua bakteria na kusubiri ukuta ukomae. Madhara yaliyowapata makundi yote mawili yalikaribiana. Lakini katika kundi lililosubiri, asilimia 39 hawakuhitaji kutobolewa kabisa.

Hata hivyo, kusubiri hakuna maana ya kulala. Mgonjwa anayesubiri anatakiwa aangaliwe kwa karibu, na ikibidi alishwe kwa mpira mwembamba unaopita puani. Zipo dalili zinazomfanya daktari aache kusubiri: homa isiyoshuka, kuishiwa nguvu na kuchanganyikiwa, kutapika kila anachokula kwa sababu mkusanyiko umekandamiza mfuko wa chakula, macho kuwa ya manjano kwa sababu umekandamiza mrija wa nyongo, au maumivu yasiyotulia. Ukimwona mgonjwa wako ametapika damu, amepata choo cheusi kama lami au ameanguka kwa kizunguzungu, usisubiri zamu ya asubuhi, mwite muuguzi hapo hapo. Akiwa nyumbani, mkimbize hospitali.

ANATOBOLEWAJE BILA KISU?

Kwa miaka mingi njia ya kuondoa nyama iliyokufa ilikuwa moja: kupasua tumbo. Mgonjwa ambaye tayari amedhoofika alipewa nusu kaputi, akafunguliwa, akasafishwa. Wengi walipata madhara makubwa na wengine wakafariki.

Mwaka 2010 madaktari hao hao wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 88. Nusu walipasuliwa kwa njia ya zamani, na nusu walianza na mrija wa kutoa usaha, kisha upasuaji mdogo kama mrija haukutosha. Waliopasuliwa, asilimia 69 walipata madhara makubwa au kufariki. Walioanza na mrija, asilimia 40. Na katika hao walioanza na mrija, zaidi ya theluthi moja hawakuhitaji kingine chochote. Tangu hapo kanuni imekuwa kupanda ngazi: anza na hatua ndogo, panda pale tu inapobidi.

Ngazi hiyo ina njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha mrija kwenye ngozi ya tumbo au ubavuni kwa kuongozwa na picha ya ultrasaundi au ya CT, na usaha ukawa unatoka kwenye mfuko wa nje. Ya pili ndiyo tunayotaka kuieleza hapa, yaani kupita ndani, kwa endoskopu.

Wengi tunakijua kipimo cha kamera, ule mpira unaomezwa kuangalia vidonda vya tumbo. Endoskopu ya kazi hii ni ndugu yake, ila kwenye ncha yake kuna pia kifaa kidogo cha ultrasaundi. Kamera inaona ukuta wa ndani wa mfuko wa chakula. Ultrasaundi inaona kilichoko nyuma ya ukuta huo: kiriba cha maji, na mishipa ya damu inayopita katikati. Kwa kuwa kongosho limelala nyuma ya tumbo, kiriba mara nyingi huwa kimegusana na ukuta wa tumbo au wa mwanzo wa utumbo. Mwaka 1992 madaktari wa Hamburg, Ujerumani, walitangaza kwamba wametoa maji ya namna hiyo wakiongozwa na kifaa hiki, na tangu hapo njia hiyo imeenea duniani.

Hatua zake ni hizi. Mgonjwa analazwa njaa kwa masaa kadhaa na kupewa dawa ya usingizi. Mpira unapitishwa mdomoni hadi tumboni. Daktari anatafuta kwa ultrasaundi mahali ambapo ukuta wa tumbo na wa kiriba vimekaribiana na hakuna mshipa wa damu. Anachoma kwa sindano kutoka ndani ya tumbo hadi ndani ya kiriba. Kupitia sindano anaingiza waya mwembamba, kisha anapanua tundu, na mwisho anaweka stenti, yaani kibomba kifupi kinachoshika tundu lisizibe. Maji na usaha huteremkia tumboni, yakaendelea na njia ya chakula, yakatoka kwa choo. Nje ya mwili hakuna mshono wala kovu.

Stenti zipo za plastiki, nyembamba, ambazo ncha zake zimejikunja kama mkia wa nguruwe ili zisichomoke. Zipo pia za chuma, fupi na pana, zenye mdomo uliotanuka pande zote mbili. Kwa maji matupu za plastiki mara nyingi zinatosha. Kwa kiriba chenye madonge daktari anaweza kuchagua ya chuma, kwa sababu kupitia tundu lake pana mpira wenyewe unaweza kuingia hadi ndani ya kiriba na kuchota nyama iliyokufa kidogo kidogo. Kazi hiyo huweza kurudiwa mara kadhaa.

Je, njia ya ndani ni bora kuliko mrija wa nje na upasuaji mdogo? Waholanzi walilipima hilo pia kwa wagonjwa 98, wakatoa matokeo mwaka 2018. Kwa vifo na madhara makubwa, njia hizo mbili zilikaribiana. Tofauti ilionekana kwingine: waliopita njia ya nje, asilimia 32 walibaki na tundu linalovuja juisi ya kongosho. Waliopita njia ya ndani, asilimia 5. Na waliopita ndani walikaa hospitali siku chache zaidi. Kwa viriba vya maji matupu, uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 kwa wagonjwa 40 ulionesha waliotumia endoskopu walilala hospitali siku 2, na waliopasuliwa siku 6.

Tusiwadanganye wasomaji, njia hii nayo ina hatari zake: kutoka damu, kutoboka mahali pasipotakiwa, kiriba kuingia bakteria na stenti kuhama. Ndiyo maana hufanyika kwenye hospitali kubwa ambako yupo pia daktari wa upasuaji na damu ya kuongezea. Pia kabla ya kutoboa lazima ihakikishwe kwamba uvimbe huo umetokana na kongosho kuvimba. Upo uvimbe wenye maji ambao ni wa asili nyingine, hata wa saratani, na huo hautobolewi hivi.

JAMBO LINALOSAHAULIWA: KURUDI

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapojiponza. Baada ya stenti kuwekwa mgonjwa anapata nafuu kubwa, anakula, anarudi kazini. Anaona hana haja ya kurudi hospitali, nauli yenyewe ngumu. Lakini kiriba kinapokauka na kusinyaa, stenti ya chuma hubaki ikisugua, na inaweza kuutoboa mshipa wa damu ulio jirani. Ndiyo maana kwa kawaida mgonjwa hupigwa picha tena baada ya wiki tatu hivi, na kiriba kikiwa kimeisha stenti ya chuma huondolewa. Za plastiki zina muda wake tofauti, nyingine huachwa muda mrefu kwa makusudi. Kwa hiyo usitoke hospitali bila kuandikiwa: nimewekewa stenti ya aina gani, ngapi, na tarehe gani nirudi. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na kadi za familia, na watu wawili nyumbani waijue tarehe hiyo.

IBADA, TOHARA NA DAWA

Wasomaji wetu watataka kujua, na swala je? Aliyepitishiwa mrija wa ndani hana usaha unaotoka nje, kwa hiyo tohara yake ni kama ya watu wengine. Aliyewekewa mrija wa nje, usaha ukawa unatoka muda wote, ni mtu mwenye udhuru, na wanazuoni wamemwekea wepesi. Asiache swala kwa kuona amenajisika, bali amuulize shekhe wake namna ya kutawadha kwa kila swala. Asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa kulala. Mfuko umwagwe kabla haujajaa, na anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kabla na baada.

Mwanamke anaweza kuomba ahudumiwe na wanawake. Asipopatikana daktari wa kike mwenye ujuzi huo, haja ya matibabu inaruhusu wa kiume, sitara ikalindwa kadiri inavyowezekana. Ukiwa ni mwezi wa Ramadhani, mgonjwa wa namna hii ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Asijilazimishe.

Kuna swali gumu zaidi. Kongosho lililoharibika sana linaweza kushindwa kutengeneza vimeng'enya. Mgonjwa anakonda, na choo kinakuwa na mafuta, kinaelea, kinanuka sana. Dawa yake ni vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na chakula, na vidonge hivyo hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Muislamu ana haki ya kuambiwa hivyo mapema. Aulize kwanza daktari kama ipo dawa nyingine itakayomfaa. Isipopatikana, wanazuoni wengi wa zama hizi wanaruhusu kwa kanuni ya dharura. Ampelekee suala hilo mwanachuoni anayemwamini, akiwa na maelezo ya daktari mkononi. Tusimwachishe dawa mgonjwa kwa fatwa za barazani. Ama insulini, ya zamani ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe, lakini tangu mwaka 1982 ipo iliyotengenezwa maabara kwa mfano wa ile ya binadamu, na ndiyo inayotumika kwa wingi leo.

KINGA NA MAMBO YA NYUMBANI

Kwanza, aliyepata ugonjwa huu kwa sababu ya vijiwe vya nyongo asiridhike na kupona tu. Kijiwe kingine kinaweza kuteremka. Uchunguzi wa Uholanzi wa mwaka 2015, kwa wagonjwa waliougua kwa wepesi, ulionesha kwamba walioondolewa mfuko wa nyongo kabla ya kutoka hospitali, asilimia 5 tu walifariki au kurudi na matatizo ya vijiwe. Walioambiwa waje baadaye, asilimia 17. Mwenye mkusanyiko wa maji yeye husubiri kwanza maji yaishe, kisha mfuko unaondolewa.

Pili, tumbo lenye uvimbe lisikandwe, lisichanjwe wala kupigwa chuku. Dua na kisomo vina nafasi yake, na havimzuii mgonjwa kupata matibabu.

Tatu, daktari aambiwe dawa zote anazotumia mgonjwa, hasa za kuyeyusha damu, na za kienyeji zisifichwe.

Nne, tuoshe mboga na matunda kwa maji safi, tunawe mikono kwa sabuni baada ya choo, na tuwape watoto dawa ya minyoo kwa wakati wake. Uislamu umetuwekea istinja na udhu, tukiongeza sabuni tumejikinga na mengi.

Tano, aliyepona apime sukari mara kwa mara, kwani baadhi hupata kisukari baada ya kongosho kuumia. Na anayekunywa pombe atubu kwa Mola wake leo. Ameikatazwa na dini yake, na mwili wake umeshamwonya.

Ukiwa na mgonjwa wa namna hii, muulize daktari maswali manne: Mkusanyiko una maji matupu au nyama iliyokufa? Umeshajenga ukuta? Tunasubiri nini, na dalili gani itatufanya tusisubiri? Na kama hapa hamna kifaa, tupelekwe wapi, lini, na kwa gharama gani? Daktari mwenye kumcha Allah hatachukia kuulizwa, na jamaa wakipata majibu hayo maneno mengi nyumbani yatakwisha yenyewe.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu wote na awape subira wanaowahudumia. Wallahu a'lam. Tukutane toleo lijalo, insha-Allah.